Friza Chini ya Mikeka

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alifagia, akadeki, kisha akakaa kibarazani kupiga soga na yeyote aliyepita. Jina hilo la utani alipewa na mama yake, kwa kuwa binti huyo mdomo wake haukujua likizo. Jumamosi hii hakukaa. Dada yake, aliyekuwa akisoma chuo kikuu na kuishi bwenini, alikuwa anakuja na wenzake wawili na mhadhiri wao kufanya ukaguzi wa umeme pale nyumbani. Ulikuwa mtihani wake wa vitendo: apime kila kifaa, aonyeshe umeme unaishia wapi.

Neno ukaguzi lilimtia Chiriku kiwewe. Shuleni kwao, wakaguzi wakija, madawati mabovu hufichwa stoo. Akaitazama friza kuukuu ambayo mjomba alimpa mama muhula huu, dada akiwa chuoni. Ilikuwa pembeni mwa sebule, ikinguruma, mlango umefungwa kwa kamba. Aibu gani hii mbele ya wageni? Mama alikuwa sokoni. Chiriku akachomoa waya, akairundikia friza mikeka na mablanketi mpaka isionekane.

Wageni wakafika, wakapima taa, pasi, feni na redio. Hesabu zikagoma. Vifaa vyote kwa pamoja vilikula umeme kiduchu, ilhali mita ilionyesha kwamba mwezi uliopita nyumba ilikula mara tatu ya huo. Dada akapima upya, akapata yaleyale. Mwenzake mmoja akadai chombo cha kupimia kimeharibika, mwingine akashuku kuna jirani anayeiba umeme.

Chiriku ndiye aliyechanganyikiwa kuliko wote. Nyumba kutumia umeme kidogo, si ndiyo sifa yenyewe? Mbona dada amekunja uso hivyo? Alipomnong'oneza swali hilo, dada alimwomba asimvuruge zaidi.

Mhadhiri akasema kwa upole kwamba hesabu zisipooana, dada atarudia mafunzo mwaka ujao. Dada akainama, machozi yakimlenga.

Hapo Chiriku akaona maji yakichuruzika chini ya mikeka. Wote walikuwa wamempa mgongo, na tambara la kudekia lilikuwa karibu. Angefuta tu, yakaisha. Mkono ulienda, ukasita. Aliogopa sana.

"Dada," akasema, "hapa kuna friza. Mimi ndiye niliyeizima nikaificha."

Mikeka ikaondolewa, friza ikawashwa, ikapimwa. Hesabu zikaanza kukubaliana. Dada akapapasa mpira wa mlango, akakuta umechakaa: baridi ilivuja, friza ikafanya kazi mchana kutwa na usiku kucha. Akashusha pumzi, kisha akamvuta mdogo wake kifuani.

Mhadhiri akamgeukia Chiriku. "Ukienda kwa daktari, unaficha kikohozi?"

"Hapana."

"Basi na nyumba ni hivyo hivyo. Hatukuja kuisifu wala kuicheka. Tumekuja kujua inaumwa wapi, na ukituficha tutaipa dawa isiyo yake. Lakini umesema mwenyewe kabla hatujagundua, na hilo limemwokoa dada yako." Akawageukia wanafunzi wake. "Nanyi, siku nyingine msipime mnachokiona tu. Waulizeni wenye nyumba."

Mama, aliyeingia na kikapu chake na kusimuliwa yote, akamkabidhi binti yake tambara.

"Mdomo wote huo," akasema, "na siku tulipouhitaji ukaufunga. Haya, deki, na kuanzia leo ukweli uwe wa kwanza kutoka."