Kikombe cha Asiyekuwepo

Kikombe kilikuwa cha moto, na ndani yake hamkuwa na chai. Mlikuwa na dadu moja tu, ya pande ishirini.

Kila Jumapili mchana, fundi wa nguo alisukuma cherehani ukutani, akaketi kwenye meza ya kukatia vitambaa na mdogo wake, aliyekuwa mjamzito wa kukaribia kujifungua, na shemeji yake. Shemeji walimwita Bahati, kwa kuwa dadu haikuwahi kumpenda. Fundi alisimulia kisa. Wale wawili walikuwa wasafiri ndani yake.

Mchezo wao una kanuni ya kukumbuka. Adui akijificha, msimuliaji humrushia dadu chini ya kikombe. Msafiri anayemtafuta hurusha yake. Akimzidi, adui huonekana, naye humgeukia aliyemfichua. Asipomzidi, adui hupiga kwanza.

Lakini fundi alikuwa na utani wake. Mara nyingi alitikisa kikombe wakati kisani hamna adui yeyote, apate tu kuwaona wakikodoa macho. Jumapili nenda, Jumapili rudi, akamrushia dadu asiyekuwepo. Na kiti kikiwekwa kila siku, mgeni hakosi.

Siku hiyo hakuwa amekigusa kikombe. Bahati akasema anasikiliza kama kuna mtu, akarusha, akapata tatu.

"Usinicheke, shemeji."

Mdogo mtu akarusha. Kumi na tisa. Akatabasamu, akamtazama dada yake amwambie alichokiona. Fundi akagusa ukingo wa kikombe, ukamchoma vidole, akauinua.

Ishirini.

Ndipo ilipokuja harufu ya nywele zilizoungua. Chini ya meza makasi yakafunguka, yakajifunga, yakafunguka, polepole, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata.

"Dada," mdogo wake akanong'ona, "kuna mkono gotini kwangu."

"Si wangu," Bahati akasema. Yake yote miwili ilikuwa mezani.

Fundi akaona jinsi mdogo wake alivyokumbatia tumbo, na jinsi upindo wa gauni ulivyopanda wenyewe kidogo kidogo huku makasi yakiufuata, akakumbuka kwamba wote wawili walikwisha kushindwa na pigo lilikuwa njiani, na kwamba aliyebaki ni msimuliaji peke yake, ambaye hahitaji dadu, kwa sababu hakuna kinachojificha mbele ya aliyekiumba, na kwamba akikifichua kitamgeukia yeye, akainama, akatazama.

"Umechuchumaa kati ya magoti ya mdogo wangu," akasema taratibu, "na mikono yako imeizidi miguu yako kwa urefu. Mwache. Nimekuona mimi."

Makasi yakanyamaza. Mdogo wake akashusha pumzi.

Mtoto alizaliwa salama. Dadu zilitupwa chooni, na kikombe kikavunjwavunjwa. Bahati siku hizi hucheka, husema ule ulikuwa woga wa wajawazito. Fundi hacheki. Amehamisha kiti chake, sasa anashona mgongo ukiwa umegusa ukuta.

Jana, jua likiwa limewaka na wateja wamejaa, alisikia nyuma yake, pale kati ya mgongo na ukuta pasipopenya hata kidole, dadu ikizunguka ndani ya kikombe.

Ikatulia. Akageuka kutazama.

Safari hii hakuona kitu.