Nafasi Nane za Heshima

Duka la kunakili karatasi nyuma ya hospitali ya chuo lilikuwa limefurika. Mashine mbili zinaunguruma, joto, harufu ya wino, na wanafunzi wa udaktari wanasukumana utadhani majibu ya mtihani yanagawiwa bure. Humo ndimo binti mmoja mwembamba, koti jeupe limepigwa pasi likasimama wima, alipovuta bunda lake akakuta mkono wa mtu umelishika upande wa pili.

"Kaka, hizo zangu."

"Zangu, dada. Angalia ukurasa wa juu."

Akaangalia. Lilikuwa jedwali: masomo yote ya mwaka wa tano, na kila moja limeandikiwa uzito wake.

"Unasoma udaktari au hesabu?"

"Nasoma udaktari kwa hesabu."

Akacheka bila kutaka. Miaka minne walikuwa darasa moja, huyu mbele, yule nyuma, na hawakuwahi kuvuka salamu. Darasa lilimwita binti Sindano, kwa wembamba na kwa ulimi. Mwanamume, mrefu, shati la buluu limekunjwa mikono kwa unadhifu, waliomwita Kikokotoo hawakumwonea.

Chuoni pale hakuna daraja la kwanza wala la pili. Daktari amefaulu au amefeli, basi. Ila kati ya wahitimu themanini, wanane wenye jumla kubwa ya alama za miaka yote huandikiwa heshima kwenye cheti. Sindano aliitaka heshima hiyo kwa roho yake yote, kwa sababu mafunzo ya upasuaji humpokea moja kwa moja mwenye nayo. Asiye nayo hungoja miaka mitatu.

Mapenzi yakaingia kwa njia ya simu.

"Laazizi, umeamka?"

"Zamani. Nasoma magonjwa ya ngozi."

"Funga kitabu. Mwaka huu ni nusu ya jumla yote, na uzazi peke yake una alama arobaini. Ngozi ina tano."

"Wakiniuliza ngozi?"

"Utazikosa tano, utakuja nikubembeleze."

"Mwone! Mbembeleze mama yako."

Lakini alikifunga. Kila jaribio alama zikapanda, na kila jioni akavaa gauni lake la manjano kwenda kumwonyesha.

Mwenzake wa chumbani ndiye aliyeanza, huku anajipaka rangi kucha.

"Mwenzangu, nafasi ni nane. Mwanamume gani anampa mpinzani wake njia ya mkato?"

"Ananipenda."

"Sawa. Umewahi kumwona yeye mwenyewe akisoma hayo anayokuambia usome?"

Hakuwahi. Chai ikamshinda kunywa. Akachukua simu.

"Mpenzi, leo unasoma nini?"

"Mimi? Nasoma tu."

"Unasoma nini?"

"Achana na mimi, laazizi. Hesabu yako ndiyo muhimu."

Tangu hapo kila neno lake tamu akaligeuza pande zote kabla ya kulipokea. Kwa nini asimwonyeshe alama zake? Kwa nini aikatae ngozi kwa nguvu vile? Siku tatu kabla ya mtihani wa mwisho, maktaba, Kikokotoo alitoka kwenda kunywa maji. Sindano akafungua daftari lake. Namba kumi za wanafunzi zimepangwa kwa mstari, alama mbele ya kila moja. Ya kwake ilikuwa ya saba, imezungushiwa wino mwekundu. Ya Kikokotoo haikuwamo.

Alirudi akamkuta amelishika, akalinyakua.

"Namba yako iko wapi?"

"Haina haja kuwamo."

"Yangu umeiwekea alama kama mtu wa kuondolewa. Ngozi umeisoma, siyo? Sema!"

Mwanamume akalitia daftari begini na kuanza kukusanya vitabu vyake. Kwa Sindano huo ulikuwa ushahidi tosha. Akazuia namba yake kwenye simu, na siku zote tatu zilizobaki akasoma ngozi.

Mtihani ukaja. Ngozi swali moja, alama tano, akazipata zote. Uzazi waliuliza mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua, na yeye akapanga hatua za matibabu kinyumenyume. Alijua amekosea kabla hajaufikia mlango.

Orodha ya heshima ilibandikwa kwa namba. Ya Sindano haikuwamo. Ya Kikokotoo pia haikuwamo, na kwa dakika moja hilo likampa furaha chungu. Akaenda kwa karani wa mitihani, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Wewe ni wa tisa, binti yangu. Umekosa kwa alama moja."

"Na namba sitini na mbili, Kikokotoo? Yeye kaangukia wapi?"

"Ah, huyo! Mwaka huu amekuja hapa mpaka nimechoka, anauliza uzito wa masomo. Nikamwambia, mwanangu, aliyerudia mtihani hata mmoja hahesabiwi kwenye heshima, wewe ulitoka tangu mwaka wa kwanza. Akasema si kwa ajili yake, ni kwa ajili ya mtu wake." Karani akajishika mdomo. "Sijasema kitu."

Sindano akaifungulia ile namba ya simu aliyoizuia, akapiga. Walikutana kwenye ngazi za wagonjwa wa nje, watu wakiwapita na vyeti vyao vya dawa.

"Ulifeli nini?"

"Anatomia. Thelathini na nane."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Darasa zima linaniita Kikokotoo. Niliona haya, na kwako zaidi."

"Na ule wino mwekundu?"

"Nilikuwa naangalia nani anakukaribia."

Sindano akalia waziwazi. "Sema basi kwamba ulinionya."

"Sisemi. Ningekwambia ukweli pale maktaba, leo ungekuwa ndani. Tumekukosesha wote wawili." Akavuta pumzi. "Nataka kukuoa."

"Leo nakuamini kwa sababu ya maneno ya karani. Niulize siku nitakayokuamini bila karani."

Akawa anauliza. Walianza kazi hospitali moja, wodi mbalimbali, na kila asubuhi simu ililia.

"Leo je?"

"Bado. Jana simu yako ilizimwa kwa nini?"

"Nilikuwa chumba cha upasuaji."

"Na nani?"

Ikaenda hivyo miezi. Kisha Alhamisi moja Kikokotoo akapiga mbiombio: "Laazizi, mchana sitakuja tule. Kuna mahali napita, nitakueleza."

"Haya. Usikae na njaa."

Akarudisha simu mfukoni, akamfunga mgonjwa bendeji, akaenda kunawa. Mikono ikiwa bado na sabuni, akagutuka. Hakuwa ameuliza ni wapi, na moyo wake ulikuwa umetulia tuli. Akapiga na vidole vimelowa.

"Vipi, mpenzi, kuna tatizo?"

"Hakuna," akasema Sindano. "Leo hujaniuliza."