Ndoo ya Pili

Kengele ya asubuhi ilipolia, Barafu alikuwa macho zamani. Joto la nchi hii halikumwacha alale mpaka kengele. Alikunja chandarua chake, akakipiga fundo juu ya kitanda kama alivyofundishwa, akavaa sare. Kabla hajamaliza vifungo, sare ilikuwa imeshamganda mgongoni. Akacheka peke yake. Kwao, saa kama hiyo, angekuwa bado anatafuta soksi ya pili ya sufu.

Barafu halikuwa jina lake la cheti. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, aliyezaliwa na kukulia nchi ya baridi kali, mbali sana. Baba yake alisoma shule hii utotoni kabla ya kuhamia huko kikazi, na alitaka bintiye naye asome hapa mwaka mzima, darasa la sita, alale bwenini kama wenzake. Siku ya kwanza kabisa alifungua bomba la bafuni, akangoja, akangoja tena, kisha akauliza kwa adabu, "Samahani, maji ya baridi yanatoka bomba lipi?"

Bweni zima likaangua kicheko. Bomba lilikuwa hilohilo moja, na maji yake yalikuwa vuguvugu kama uji wa mgonjwa.

"Jamani, huyu ametoka kwenye barafu!" alisema jirani yake wa kitanda, msichana mwembamba anayeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Jina likakaa.

Barafu hakulichukia. Alipenda karibu kila kitu hapa: mvua inayokuja ghafla na kuondoka kabla hujapata pa kujificha, nguo zinazokauka upesi kuliko unavyozifua, mjusi wa darasani aliyekaa juu ya ubao kama mkaguzi. Jua ndilo alilipenda zaidi. Kwao jua likitoka, watu wote huacha kazi wakalifuata nje. Kwa hiyo wakati wa mapumziko wenzake walipojibana kivulini, yeye alikaa katikati ya uwanja, macho kayafumba, anatabasamu.

"Barafu, njoo huku, utayeyuka tukukose!" Chiriku humwita.

Kilichomtesa ni kimoja tu. Kulikuwa na mambo mengi madogo ambayo kila mtu aliyajua, yeye hakuyajua. Alhamisi alifagia ua kwa ufagio wa njiti, vumbi lote likarudi kwenye nguo zilizoanikwa. Watu walicheka hadi machozi. Naye alicheka, lakini jioni yake aliapa kimoyomoyo kwamba hatauliza tena jambo la kitoto.

Jumamosi ikafika, siku ya mashindano ya kuvuta kamba kati ya darasa la sita na darasa la saba. Darasa la sita halikuwahi kushinda hata mvuto mmoja. Ila mwaka huu walikuwa na nahodha wao, msichana wa miraba minne waliyemwita Trekta, na Trekta alikuwa amemchagua Barafu ashike mwisho wa kamba.

"Miguu yako mirefu," Trekta alimwambia, "ukiikita chini, hung'oki. Nakutegemea, dada."

Usiku wa kuamkia Jumamosi Barafu hakulala vizuri kwa furaha.

Asubuhi hiyohiyo ilikuwa zamu yake na Chiriku ya maji ya kunywa. Kazi yenyewe ni kuwasha jiko la mkaa nyuma ya jiko kubwa la shule, kuchemsha maji kwenye sufuria mpaka yatokote, kuyafunika yapoe, kisha kujaza ndoo mbili zenye vifuniko. Chiriku aliitwa na mwalimu wa michezo akasaidie kutoa kamba stoo.

"Anza wewe, nakuja sasa hivi," alisema, akakimbia. Kumbe huko stoo alikutana na watu wa kuongea nao.

Barafu alichutama mbele ya jiko. Hakuwahi kuwasha mkaa maishani mwake. Kwao jiko huwashwa kwa kubonyeza. Alipanga mkaa vizuri, akawasha njiti ya kibiriti, akaigusisha kwenye mkaa. Njiti ikaungua, ikamfikia kidoleni, ikazima. Akawasha ya pili. Ya tatu akapuliza, majivu yakamrukia usoni. Ilipofika ya kumi na moja, mkaa ulikuwa mweusi vilevile, unamtazama tu.

Ndani, Mama Mpishi alikuwa akiimba huku akichambua maharage. Ilikuwa ni kuita tu: "Mama, naomba nionyeshe." Lakini Barafu alikumbuka kile kicheko cha Alhamisi.

Akafungua bomba, akakinga kikombe, akakiinua juani. Maji yalikuwa meupe, yanang'aa, hakuna hata kijiti. Akanywa nusu kikombe. Yalikuwa na ladha ya maji. "Tangu nizaliwe nakunywa bombani," alijiambia, "na niko hapa mzima." Akajaza ndoo ya kwanza, akajaza ya pili, akafunika zote, akanawa masizi, akaenda mazoezini.

Saa tano jua lilikuwa limekaa utosini. Shule nzima ilizunguka uwanja pamoja na wazazi waliokuja kutazama, ngoma za madebe zinalia, na watoto wa madarasa ya chini wanashangilia upande wowote ulio karibu nao. Mama Mpishi alizifikisha ndoo zile kivulini, akapanga vikombe.

"Barafu, mwanangu, umeyachemsha sawasawa haya?" aliuliza. "Maana muhula uliopita kuna mvivu mmoja alikinga bombani. Mabomba yetu ya zamani, yanapita ardhini yametoboka, uchafu unaingia wala huuoni. Watoto kumi na wanane waliharisha. Huyu Chiriku mwenyewe nilimbeba mgongoni mpaka zahanati. Hakusema neno njia nzima. Chiriku huyu! Nikajua leo kuna msiba."

Barafu alikaza macho kwenye vifuniko vya ndoo.

"Ndiyo, mama," alijibu. "Yamechemka."

Neno lilishatoka. Na hapo akamwona Chiriku anakuja mbio, jasho linamtiririka, kikombe mkononi.

"Nipisheni, nina kiu ya ngamia!"

Barafu hakufikiri. Alijifanya anapita, akajikwaa makusudi, akaiangukia ndoo. Maji yote yakamwagika, yakamlowesha kuanzia kifuani. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Nilisema mimi atayeyuka!" Chiriku alipiga kelele.

"Pole, mwanangu, hujaumia?" Mama Mpishi alimwinua na kumfuta matope. "Si kitu, si kitu. Ya pili ipo. Haya, leteni vikombe."

Barafu aliitazama ndoo ya pili. Hata mtu wa kuanguka angeangukaje mara mbili? Kifuniko kilishafunguliwa. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Chiriku, nyuma yake Trekta, nyuma yake darasa la sita lote na la saba lote. Kikombe cha Chiriku kikazama, kikatoka kimejaa, kikapanda kuelekea mdomoni.

"Usinywe!"

Barafu alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili. Uwanja mzima ukageuka.

"Hayajachemka," Barafu alisema, na sauti yake ikapanda ili wa nyuma nao wasikie. "Hayo, na yale niliyoyamwaga. Sikujikwaa. Nilishindwa kuwasha jiko nikaona haya kusema. Halafu nikamdanganya Mama Mpishi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Chiriku alikitazama kikombe, akamtazama Barafu, akakimwaga taratibu miguuni pake. Kwa mara ya pili katika maisha yake, hakuwa na neno.

Aliyelipata neno ni Trekta. "Jua lote hili! Tunakwenda kuvuta kamba midomo imekauka kama magome, kwa ajili ya aibu yako wewe?"

"Basi, basi," Mama Mpishi aliingilia. "Mtamtafuna baadaye. Kwanza mnywe. Mwalimu, nipe dakika ishirini."

"Mama, wazazi wageni wanangoja," alisema mwalimu wa michezo.

"Nao wageni nawahitaji. Yaani nahitaji chai yao."

Jikoni kulikuwa na birika kubwa la chai ya rangi, limetoka kutokota, halijatiwa hata sukari. Mama Mpishi aliliweka ndani ya beseni la maji ya bomba na kuwagawia watu kazi kama jemadari. Hawa wabadilishe maji ya beseni kila yanapopata moto, wale wamimine chai kutoka jagi hadi jagi, majagi yaliyosuuzwa kwa maji ya moto. Barafu alipewa sinia apepee. Alipepea mpaka mabega yakawaka. Darasa la saba nalo likaja kusaidia, kwa kuwa na wao walikuwa na kiu.

Chai ilipokuwa vuguvugu, wote walikunywa.

"Chungu!" mmoja wa darasa la saba alikunja uso. "Mnataka kutuua kabla hatujawashinda?"

"Hiyo ni dawa ya maringo," Chiriku akamjibu. Maneno yalikuwa yamemrudia.

Barafu alimfuata Trekta kando. "Nahodha, nimpishe mwingine kwenye kamba?"

Trekta alimpima kwa macho. "Uende wapi? Ukae mwisho palepale, uvute mpaka hasira zangu ziishe."

Basi wakavuta. Mvuto wa kwanza darasa la saba liliwaburura kama gunia. Wa pili, Barafu alikita visigino, akalala nyuma mpaka akaona mbingu tupu, akasikia Trekta akinguruma mbele, na ghafla kamba ikaja! Ikaja yote, na darasa la sita lilianguka chali kwa mkupuo mmoja, miguu juu, likipiga vigelegele. Mvuto wa tatu walishindwa, kwa hatua moja tu. Hawakujali. Walimbeba Trekta uwanja mzima kana kwamba wao ndio washindi, mpaka darasa la saba likauliza kwa hasira kombe ni la nani.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeumwa tumbo. Ni yule aliyekunywa nusu kikombe bombani. Jumapili yote Barafu alikimbizana na choo, na Jumatatu alikuwa amelala chumba cha wagonjwa, anakunywa maji ya chumvi na sukari aliyopimiwa na nesi. Mchana, Mama Mpishi alikuja kumtazama pamoja na Trekta na Chiriku.

"Unaendeleaje?"

"Nafuu, mama. Nisamehe."

"Nilishakusamehe palepale uwanjani." Mama Mpishi alikaa pembeni ya kitanda. "Sikiliza, na nyie wawili sikilizeni. Kutojua kuwasha mkaa si kosa. Mimi ukinipeleka kwenu na majiko yenu ya kubonyeza, nitalala njaa. Kosa ni kuficha kwamba hujui, halafu watu wakala na kunywa hicho ulichokificha. Ulichelewa kusema kweli, lakini ulisema kabla kikombe hakijafika mdomoni, na ndiyo maana leo kitanda kilichojaa humu ni kimoja tu. Siku nyingine sema mapema. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja, nawe tumbo limekushika siku mbili."

Barafu aliinuka, akaegemea mto. Akajiandaa kuchekwa.

"Basi naomba kuuliza. Mkaa unawashwaje?"

"Unaweka karatasi chini," alisema Trekta.

"Karatasi? Vijiti vikavu!" alisema Mama Mpishi. "Karatasi moshi mtupu."

Wote wawili wakamgeukia Chiriku aamue. Chiriku aliangalia dari, akaangalia dirisha, akakuna kichwa.

"Jamani, mimi mwenyewe sijui," alisema. "Kwetu tunapikia gesi. Kwa nini mnadhani nilikimbilia kamba?"

Kicheko kilichotoka humo ndani kilimleta nesi mbio, akidhani mgonjwa amezidiwa.