Maji ya Gambakunjo

Kisomamwamba hakikuwa na kelele. Kilikuwa kimeinama juu ya jiwe kama fundi cherehani aliyeangusha sindano, kikishusha mwali wa nuru mwembamba kuliko unywele, na kila mwali ulipogusa, tabaka moja la jiwe lilisomwa na kugeuka vumbi. Ukutani picha ya samaki ilikuwa ikijijenga mfupa kwa mfupa. Kwenye sinia, samaki mwenyewe alikuwa akipungua. Ndivyo mtambo ule ulivyofanya kazi: haukusoma kitu ila kwa kukimaliza.

Mhandisi Nyamvula Mwanzala, aliyeubuni, alisimama nyuma ya kioo, mikono kifuani. Siku nyingine angekuwa anaimba. Alikuwa mtu wa kuimba kazini, tena vibaya, hata wenzake walishazoea. Siku hiyo alinyamaza, kwa sababu jiwe lile lilitoka juu ya kaburi la babake.

Ngoja nieleze, usije ukamhukumu kabla ya kumjua.

Mariakani wakati huo lilikuwa jiji. Bahari ilikuwa imekimega kisiwa cha Mombasa kidogo kidogo, watu wakapanda bara na maghorofa yao, na pale palipokuwa na machimbo ya mawe pakajengwa Jumba la Urejesho. Kazi ya Jumba ilikuwa moja tu, kuwarudisha duniani viumbe waliotoweka. Na karibu na hapo, ndani ya mawe ya Maji ya Chumvi, walilala samaki wa ukoo wa kale sana, wa jamii ya mapezi ya miale, yaani wale ambao pezi lao limetandazwa juu ya vijiti vyembamba vya mfupa, kama mwamvuli. Ukoo huo ulikwisha kabla tembo wala simba hawajakuwako. Magamba yao yalikuwa na mikunjo, kwa hiyo Nyamvula akawaita gambakunjo.

Kisomamwamba kilisoma mifupa. Mtambo mwingine wenye akili, walioupa jina la Mlezi, ulichukua yai la samaki mmoja wa mito ya Kongo mwenye magamba magumu, ambaye ni jamaa wa gambakunjo, lakini jamaa wa mbali, wale wa kukutana matangani tu. Mlezi aliiandika upya mbegu ya yai lile, akairudisha nyuma kizazi baada ya kizazi, mpaka yai likatotoa kitu ambacho jua halijakiona kwa miaka zaidi ya milioni mia moja.

Walitotolewa, wakaogelea, magazeti yakaandika. Kisha shida ikaanza. Kila gambakunjo alikula vizuri, akafika urefu wa kiganja, halafu siku moja akaenda kwenye pembe ya birika, akasimama kichwa juu mkia chini, akakataa chakula, akafa. Mmoja baada ya mwingine, wote vivyo hivyo. Sasa alibaki jike mmoja.

"Nadhani tumekosea sikio," Mlezi alikuwa amesema. "Samaki hujua mahali alipo kwa sikio la ndani. Mawe yote tuliyosoma yalikuwa na vichwa vilivyopondeka, nikakisia. Nipatie kichwa kizima, nami nitamrekebisha huyu kwa chanjo kabla hajasimama."

Nyamvula alikijua kichwa kizima. Alikuwa akikimwagia maji tangu utotoni.

Wachonga mawe wa kwao walikuwa na desturi. Kazi yao ilikuwa kupasua mabamba ya kusakafia nyua za matajiri, na mara mojamoja patasi ilipofungua jiwe, ndani akaonekana samaki. Hapo kazi husimama. Hakuna kumpigia bei, hakuna hata kumshika, mpaka kwanza amemwagiwa maji. "Mgeni huyo," husema. "Ametoka mbali, ana kiu." Jiwe hunywa maji yale, na likishakunywa samaki hukoza rangi, gamba kwa gamba, ukadhani atapiga mkia.

Mwanzala, babake Nyamvula, aliwahi kumfungua mmoja mzima, mnene, kichwa hakijaguswa. Akakataa kumuuza. Akamweka chini ya upenu wa nyumba yake na kumpa kata ya maji kila asubuhi. Majirani walimtania: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wako huyu, Mwanzala, atalishika kwa pezi gani?" Naye alicheka tu. Alipokuwa kitandani, ameshajua kwamba haamki tena, alimwambia mkewe, Mbeyu, "Nilazeni naye. Na mgeni wangu asikose maji." Mbeyu akaitikia, na jiwe likawekwa juu ya kaburi. Tangu hapo, mvua inyeshe isinyeshe, hajakosa kaburini na kata yake.

Nyamvula alipokwenda, alimkuta mamake akichambua mchicha kibarazani.

"Mama, nimekuja kuliazima lile jiwe."

"La babako?"

"Kuna mwenzake kule kazini. Yuko hai, lakini atakufa. Hilo jiwe litatuonyesha dawa."

Mbeyu aliendelea na mchicha wake. Alikuwa mtu wa kujibu kazi ikiisha.

"Litarudi?"

"Litarudi, Mama."

Usidhani alikusudia kudanganya. Jumba lilikuwa na kichapajiwe, mtambo wa kutengeneza nakala ya jiwe lolote lililosomwa, uzito ule ule, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Wenye mawe wote walipewa nakala, wakashukuru, wakaziweka sebuleni. Kwa Nyamvula huko ndiko kurudi. Alikuwa amelisema neno hilo kwa watu wengi kiasi kwamba hakulisikia tena likitoka kinywani. Mbeyu alilimwagia jiwe maji, akaliaga: "Haya, mgeni, unakwenda kwa jamaa yako. Ukirudi utanikuta."

Na sasa kisomamwamba kilikuwa kinamalizia ncha ya mkia. Vumbi la mwisho likavutwa na bomba, sinia likabaki jeupe. 

"Nimesoma," Mlezi akasema.

"Haya. Kosa liko wapi?"

"Hakuna kosa."

"Angalia tena."

"Nimeangalia. Sikio lake na sikio tulilomuundia huyu wetu ni sawa. Hata nilichokisia, nilikisia sawa. Tulimuunda vizuri tangu mwanzo, Mhandisi."

"Basi kwa nini anakufa?"

"Hana ugonjwa. Kuna kitu anakitafuta, na kitu hicho hakipo. Labda ni harufu ya mto fulani. Labda ni kundi. Labda ni bahari yenyewe, ile ya wakati wake. Mfupa hautunzi alichokijua mwenye mfupa, na mimi siwezi kuunda nisichokijua."

"Tubadilishe chumvi. Tubadilishe joto, giza, mkondo."

"Tumebadilisha vyote. Wewe ndiye uliyeniamuru."

Nyamvula alijua. Alikuwa akiongea ili asinyamaze. Aliteremka akaketi sakafuni kando ya birika, na pale alipoketi akamwona gambakunjo akiacha kuzunguka, akielekea kwenye pembe taratibu, akiinua kichwa. Alipiga kioo kwa kiganja. Samaki hakugeuka.

Kesho yake alilipeleka nyumbani jiwe la kichapajiwe pamoja na Tsuma, fundi wa mabirika. Walilitua kaburini mahali pake pale pale, na Tsuma, ambaye hakujua mambo, akasema hata babu mwenyewe akifufuka hatatofautisha. Mbeyu alikuja na kata imejaa, uso umemchangamka. "Karibu nyumbani," akaliambia jiwe, akamwaga.

Maji yalitawanyika kuwa matone, yakateleza, yakaanguka pembeni. Samaki hakukoza rangi. Mbeyu alitazama, akamwaga tena, polepole zaidi. Yakateleza tena. Akapitisha kiganja juu yake, akakigeuza kukitazama.

"Halinywi," akasema.

"Labda ni kwa kuwa, Mama, yaani limekaa ndani muda..."

"Nyamvula. Jiwe la babako liko wapi?"

Akamweleza. Alimweleza yote, mwali, tabaka na vumbi, na kila alipofika kwenye neno la kitaalamu aliliona halina maana hapo kaburini. Tsuma alijitenga, akawa anatazama barabara. Mbeyu hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza.

"Na mgonjwa?"

"Hatapona."

"Kwa hiyo mmemsaga mzima kumtibu mgonjwa, na mgonjwa hakupona."

"Ndiyo, Mama."

 Nyamvula alitaka kusema nisamehe, lakini aliona neno hilo nalo lingekuwa kama nakala ile, limefanana na litakiwalo lakini halinywi.

"Babako sina wasiwasi naye," Mbeyu akasema. "Yuko chini, udongo unamtosha. Lakini mgeni wake aliniachia mimi. Mimi ndiye niliyeitikia. Nipeleke nikamwone huyo aliyebaki."

Aliingia nyumbani, akatoka na kibuyu cha maji ya mtungini na kata yake ya kifuu.

Jumba la Urejesho lilikuwa linang'aa pande zote, kioo, chuma na vigae vyeupe. Mbeyu alipita bila kutazama kulia wala kushoto. Mbele ya birika alisimama. Gambakunjo alikuwa pembeni, kichwa juu, mapezi yakitetemeka kidogo.

"Ndiye," akasema. "Ndiye kabisa. Macho yale yale." Akasogea. "Mbona amekaa kama mtu anayengoja kufunguliwa mlango?"

"Hatujui, Mama."

Mbeyu alijaza kata, akainua mkono kutafuta mahali birika lilipo wazi. Halikuwa wazi popote.

"Samahani, mama," Mlezi akasema kutoka darini. "Maji ya nje hayaruhusiwi."

"Fungua mfuniko," Nyamvula akaamuru.

"Mfuniko umefungwa kwa kanuni ya Jumba mpaka uchunguzi uishe. Sina uwezo wa kuufungua, Mhandisi. Wala wewe huna. Kanuni hiyo uliipendekeza wewe."

Wakati wanajibizana, samaki aliinama upande. Hakupapatika. Alilala tu, kama jani linaloshuka majini, na mikunjo ya magamba yake ikashika nuru mara moja. Mikono miwili ya chuma ikaingia kutoka ubavuni, ikambeba kwa uangalifu mkubwa, ikaondoka naye.

Wote wawili walibaki wakitazama maji matupu.

"Wanampeleka wapi?"

"Maabara. Wanamyeyusha, ili kila kilichomo kipimwe."

"Basi nipe lile vumbi la jiwe. Nitalifunga kwenye kitambaa."

"Vumbi lilikwenda na maji machafu, Mama. Halipo."

Mbeyu aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia. Kata ilikuwa bado mkononi, imejaa hadi ukingoni, na aliishika sawasawa isimwagike, maana maji ya mgeni hayamwagwi ovyo.

"Sasa niambie, mwanangu. Nimwage wapi?"

Nyamvula alitazama huku na huku. Katika ukumbi mzima alioujenga mwenyewe hapakuwa na kitu hata kimoja kinachokunywa maji.  Akaikusanya mikono yake, akaikinga mbele ya mamake, na Mbeyu, baada ya kumtazama kitambo, akamimina.

Maji yalijaa viganjani, ya baridi, yananukia udongo wa mtungi. Aliibana mikono kwa nguvu zake zote. Yalipita kati ya vidole hata hivyo, tone kwa tone, yakaanguka kwenye vigae. Kifagizi, mtambo mdogo wa usafi, kikatoka mahali pake ukutani, kikayafuta yote, kikarudi.