Kamera ya Marehemu Lambert

Matofali ndiyo yaliyotoka vizuri. Maman Josée alikuja studio na watoto wake wote, amevaa kikwembe kipya, amejipaka poda hadi shingoni, na picha zilipotoka, yeye na ukoo wake mzima walikuwa ukungu mtupu. Ukuta wa uani, nyuma yao, ulionekana tofali kwa tofali, na mchwa waliokuwa wakiupanda.

"Ursule, mi nilikuya kupigisha ukuta picha?" Maman Josée aliuliza. "Ao sura yangu njo mubaya?"

Ursule aliomba radhi, akamrudishia pesa yake, wala hakuona haya. Tangu mumewe afe maji kwenye maporomoko ya Wagenia, hakuwa akiona haya, wala hasira, wala njaa. Lambert alikuwa mpiga picha wa harusi mwenye jina lake katika mtaa mzima wa Mangobo. Siku ile alikuwa akirudi nyuma juu ya mawe ili maarusi na maji yote yaingie katika picha moja, na akarudi kupita kiasi. Wavuvi walimtoa jioni. Kamera ilikutwa juu ya jiwe, kavu, lenzi imefunikwa kwa kifuniko chake, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyeifunika.

Kwenye maziko watu walimngoja mjane alie, wakangoja mpaka wakachoka. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya.

Alibaki na binti mmoja, Bonheur, wa miaka kumi na moja, aliyekuwa akijiandaa kwa komunyo ya kwanza. Alibaki pia na kamera. Ilikuwa kamera nzito ya kazi, yenye kutafuta fokasi yenyewe, yaani kuchagua kipi kitoke wazi: unachungulia kitunduni, unabonyeza kidogo, kidoa chekundu kinawaka usoni pa mtu, lenzi inanguruma taratibu, imeshika. Lambert aliiacha kwenye servo, ile hali ya kumwandama mtu anayetembea bila kumwachia, maana maarusi hawatulii. Ursule hakuibadilisha.

Baada ya Maman Josée akaja mwanafunzi na diploma yake. Safari hii ukuta nao ulififia, na kilichokuwa wazi ni kamba ya nguo iliyokuwa karibu zaidi na mgongo wa kijana. Kisha wakaja waimbaji wa korali, na hapo hapakuwa na kitu nyuma yao kilichoshikwa. Kilichotoka safi ni kipande cha udongo mtupu mbele ya viatu vyao, kati yao na Ursule. Kila mara alikuwa amewaambia maneno yale yale aliyoyasikia kwa Lambert miaka yote, maneno ya kila mpiga picha.

"Mukuye mbele kidogo. Bado. Mukuye tena kidogo."

Watu walikuwa wakisogea. Na puani mwake, mchana kweupe, kwenye uwanja mkavu, ilikuwa ikiingia harufu ya mwamba mbichi na ya maji yanayopigwapigwa.

Aliipeleka kamera kwa Constant, fundi wa mjini aliyekuwa rafiki wa marehemu. Constant aliegemeza rula kwenye vitabu, ikalala mshazari, akalenga alama moja katikati, akapiga. Alama ilitoka kali kama imechongwa.

"Haina ugonjwa," alisema. "Kamata wewe, nione."

Ursule akaikamata, akalenga alama ileile. Rula yote ikawa ukungu. Constant aliinamia kidirisha kilicho juu ya lenzi, kile kinachoonyesha mita, na namba zilikuwa zikipungua polepole, zenyewe, huku Ursule ametulia na rula imetulia. Fundi akashusha sauti, ingawa dukani hapakuwa na mtu mwingine.

"Bon, sikia. Hii machine haijuaka sura ya mutu. Inapima umbali tu, toka kwa mwenye kuikamata. Donc kitu inashika, haiko batu unapiga picha. Inatembea. Inakuya kwako. Na siku itakaribia kupita kipimo, lenzi haitaweza tena, itaenda, itarudi, haitashika kitu."

Mtu mwenye akili zake angeitupa kamera mtoni palepale. Ursule aliibeba hadi nyumbani, na njiani alikuwa na wazo moja tu: ni Lambert. Nikisema alifurahi nitakuwa namsingizia. Lakini lilikuwa jambo la kwanza alilolitaka tangu maziko, na alilitaka sana.

Kwa hiyo Jumamosi mchana, Bonheur alipovaa gauni jeupe la komunyo kulijaribu na kusimama katikati ya sebule, Ursule alipoweka jicho kitunduni na kuona fokasi ikimruka mwanawe na kushika hewa iliyo mbele yake, hakusimama, hakuishusha kamera, bali alisema kwa sauti ya chini, akijua anamwambia nani, au akidhani anajua, "Kuya. Kuya mbele kidogo," na lenzi ikanguruma, ikavuta karibu, ikavuta karibu zaidi, harufu ya mwamba mbichi ikajaa chumba hadi ikawa ladha mdomoni, kisha lenzi ikaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, haishiki kitu, na pumzi ya baridi ikamgusa Ursule kwenye vidole vilivyoshika kamera.

"Maman," Bonheur alinong'ona, "nani amenigusa?"

Begani mwa gauni palikuwa na maji, alama ya mkono mzima. Vidole vyake vilikuwa virefu mno. Lambert alikuwa na vidole vifupi, vya kuchekesha, na mkewe aliwahi kumtania navyo mara nyingi.

Ursule alikwenda kwa Fatouma, jirani Muislamu ambaye watu wa mtaa huo, wenye rozari na wenye tasbihi, humwendea kimyakimya yakiwafika. Fatouma alimsikiliza bila kumkatiza.

"Mufu harudiaka, dada. Hiyo ni jini ya kule kwa maji. We kila siku unaita: kuya, kuya, tena kidogo. Nani ataitwa vile asikuye?"

Alifukiza ubani kila pembe ya nyumba, akasoma mpaka sauti ikamkauka, akaipitisha kamera katika moshi. Kitu kizito kilitoka mlangoni na kuacha kizingiti kimelowa. Harufu ikaisha.

"Imeenda," Fatouma alisema. "Lakini inajua njia. Mutu yeyote wa hii nyumba asiiite tena. Bonheur yuko wapi?"

"Katekismu."

"Umuambie."

"Nitamuambia."

Hakumwambia. Kumwambia kungekuwa kulitaja jina la Lambert mbele ya mtoto, kusema baba yako hakurudi na hatarudi, na Ursule alilitafuta neno la kuanzia, asilipate. Alimpakulia pondu ya majani ya muhogo na lituma ya ndizi za kupondwa, wakala, na kesho yake hivyo hivyo.

Siku ya komunyo, baada ya misa, alimsimamisha Bonheur uani juani. Kidoa chekundu kilitua juu ya jicho la mtoto na kubaki hapo. Picha ilikuwa safi hadi kope. Ursule aliiangalia muda mrefu, na mdomo wake ukakaribia kutabasamu.

"Maman, na wewe," Bonheur alisema. "Hauna picha hata moja. Kuya, ikala, mi nitakupiga."

Ursule akakaa kwenye kiti, mikono magotini. Bonheur akainua kamera kwa taabu, akabonyeza. Lenzi ikanguruma. Ikaendelea kunguruma, haikunyamaza.

"Maman, usikuye mbele! Bakia kwa kiti."

Ursule alikuwa kwenye kiti. Alitaka kuinuka, alitaka kupiga kelele, na ganzi ilimshika kuanzia miguuni hadi ulimini. Mtoto hakuondoa jicho kitunduni. Uso wake ukabadilika, ukafunguka kwa furaha ambayo nyumba hiyo haikuwa imeiona tangu maziko.

"Papa?" alisema. "Papa, njo wewe? Kuya. Kuya mbele kidogo."