Ukiitwa Ndani ya Korona

Habakuki wa Masuguru, yule fundi simu tuliyepakana naye ukuta, alikuwa mtu mwema kwa kila kitu isipokuwa muziki wake. Jamani, muziki gani ule! Wengine tunasikiliza kwaya na singeli, yeye anasikiliza vyuma vinavyogongana: mapipa, minyororo, mashine za kukatia bati, na katikati yake mtu mmoja anafoka utadhani kaibiwa kuku. Mwenyewe aliuita muziki wa viwandani, na ukimwambia ni kelele mlinuniana wiki nzima.

Bendi aliyoipenda kuliko zote iliitwa Nondo Tupu, ya Dar es Salaam. Alikuwa amekwenda kuiona mara nne, kwenye ghala kuukuu huko mjini, na kila akirudi alimhutubia mkewe Upendo mpaka ugali unapoa.

"Kwenye rekodi wamejipaka poda," alisema. "Laivu ndiyo utawajua. Kifua kinatikisika, mama, unasahau hata jina lako. Siyo wale Mabati Kumi wa Arusha, wanagonga pipa kama wanabisha hodi kwa mkwe."

Lakini hata Nondo Tupu aliwasema. Shoo zao walizifungua kwa king'ora, na king'ora chenyewe kimetengenezwa kwenye kompyuta. Hilo lilimkera kweli. "King'ora gani hakina kutu?" aliuliza. Zaidi ya hapo alikuwa mtumwa wao. Mwimbaji akiita jina la mtu au la mtaa, mashabiki hujibu "Nipo!" kwa sauti moja. Habakuki alijibu hata akitazama video mezani, kijiko kiko mdomoni. Upendo alicheka mpaka akazoea.

Basi bendi ikatangaza kwamba inatafuta sauti za vyuma vya kweli kutoka kwa mashabiki, na sauti itakayoshinda itafungua shoo mpya badala ya king'ora, na mwenye nayo atatajwa jukwaani. Habakuki hakulala. Jumamosi asubuhi alifunga kibanda chake, akachukua maiki, hedifoni na kispika kidogo cha mfukoni, akapanda pikipiki kuelekea barabara ya Handeni, kwenye shamba la mkonge lililokufa siku nyingi. Kule kuna korona. Wageni wakisikia neno hilo hudhani ugonjwa, lakini kwetu korona ni ile mashine ya kuchakata mkonge, inayomeza majani na kutoa nyuzi. Babu yake Habakuki, Benedicto, aliitumikia mpaka siku aliyokufa.

Getini alimkuta mlinzi, mzee Fabiani, akimenya muwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Andika jina."

Daftari lilikuwa la zamani sana, lenye mistari ya mahudhurio ya wafanyakazi. Habakuki akaandika jina lake chini ya majina yaliyofifia. Mzee akalifunga.

"Humo ndani ukisikia unaitwa," alisema, "usiitike."

Habakuki alikuwa ameshaziba sikio moja kwa hedifoni. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza matangazo ya kanisani, akaingia.

Jengo lilikuwa na mlango mmoja tu, mpana, usio na ubao. Korona ilikaa katikati, kubwa kama lori, mikanda yote imeshaibiwa. Jua liliingia kwenye matundu ya paa. Habakuki akaweka maiki, akaanza kurekodi, akavaa hedifoni vizuri, akagonga pipa la mashine kwa spana. Sauti ilikuwa tamu. Akagonga tena, mara nyingi, mpaka mkono ukachoka.

Aliposhusha spana, mlio wa kugonga uliendelea.

Akavua hedifoni. Kimya. Njiwa tu juu ya paa. Akazivaa tena: korona inanguruma, mikanda inapiga makofi, majani yanasagwa. Maiki ilisikia kitu ambacho masikio yake hayakisikii.

Mwingine angekimbia. Huyu alitabasamu! Mtu na akili zake, machozi ya furaha yalimlenga. Shoo zote nne za Dar hazikufika hata nusu ya hiyo. Kifua kilitikisika. Akaanza kuchezesha kichwa. Kisha, juu ya mngurumo, mwanamume akaanza kuita.

"Erasto!"

"Nipo!"

"Kaleb!"

"Nipo!"

"Benedicto!"

"Nipo!"

Kila aliyeitwa alijibu kwa zamu, kwa mdundo ule ule. Habakuki alikuwa amefumba macho.

"Habakuki!"

"Nipo!" alipiga kelele, ngumi juu.

Mdomo ulitangulia akili. Alipofumbua macho, alivua hedifoni. Akanyakua maiki na kwenda mlangoni. Nje aliiona pikipiki yake. Alimwona mzee Fabiani na muwa wake. Akavuka kizingiti.

Akajikuta mbele ya korona.

Alijaribu tena. Akajaribu kinyumenyume, akajaribu kwa kukimbia, akapita kwa magoti akisema Baba Yetu. Kila mara korona. Akamwita mzee Fabiani mpaka sauti ikakauka, na mzee aliendelea kumenya muwa ule ule. Simu haikuwa na mtandao. Ilionyesha saa sita na dakika kumi. Akakaa chini, akalia, akafikiria Upendo na maharage aliyoyaloweka asubuhi. Akatazama tena simu.

Saa sita na dakika kumi.

Viganja vikaanza kumwasha. Akavitazama. Vilikuwa vimelowa maji ya kijani, yale ya mkonge mbichi, na hakukuwa na jani hata moja mle ndani.

Akavaa hedifoni. Mashine ilikuwa inakwenda. Karibu kabisa na sikio lake, mtu alinong'ona kwa sauti ya uchovu.

"Lisha, mjukuu wangu. Nyapara anakuangalia."

"Babu? Natokaje?"

"Hatutoki mpaka king'ora."

King'ora cha kumaliza zamu! Kilishang'olewa na wezi wa vyuma vikuukuu kabla Habakuki hajazaliwa. Watu wale walikuwa wanasubiri kitu ambacho hakipo tena. Mikono yake ilikuwa imeanza kunyanyuka yenyewe, ikielekea kwenye kinywa cha mashine.

Ndipo akakumbuka. Ndani ya simu alikuwa na shoo ya Nondo Tupu, na mwanzoni kabisa kulikuwa na kile king'ora cha uongo, alichokitukana miaka mitatu. Akakiunganisha na kispika. Vidole vinateleza kwa ule ute wa kijani. Akabonyeza.

King'ora kikalia.

Korona ikapunguza mwendo. Ikakohoa. Ikanyamaza. Mabega asiyoyaona yakamsukuma huku na huku, miguu mitupu ikaburuzika sakafuni, na wimbi lile likambeba mpaka nje, kwenye jua. Mzee Fabiani alimtazama mikono, akatupa maganda ya muwa.

"Umeitika," alisema.

"Lakini nimetoka, mzee!"

"Zamu imeisha. Hata sisi tuliofanya kazi humu ilikuwa inaisha. Kesho yake tunaitwa."

Habakuki hakusubiri zaidi. Alifika nyumbani, akamsimulia Upendo yote, wakaomba pamoja, na Upendo akamwambia afute rekodi ile. Akaahidi. Laiti angeifuta! Lakini shabiki ni shabiki. Jumapili baada ya ibada, Upendo akiwa jikoni nje anakaanga vitunguu, yeye alifunga mlango wa sebule kwa komeo ili asikutwe. Akajiambia ataisikiliza mara moja, akate yale majina, abaki na mngurumo peke yake. Na kwa kuwa muziki ule hausikilizwi kwa kunong'ona, akaunganisha na ile spika yake kubwa.

Upendo alisikia mngurumo dirishani, akasonya. Akasikia majina. Wengine wote waliitika. Kisha:

"Habakuki!"

Kimya. Ndani Habakuki alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, ndivyo ninavyoamini. Mara hii rekodi haikujibu kwa niaba yake. Ilisubiri.

"Habakuki!"

Mwanamke yuko jikoni, moshi machoni, mgeni anamwita mumewe kwa mara ya pili na haitikiwi. Wewe ungefanyaje? Aliona aibu kwa mgeni.

"Yupo!" akaitikia kwa sauti. "Karibu, yupo ndani!"

Mngurumo ukakatika. Sisi majirani ndio tuliovunja mlango, maana komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani na madirisha yana nondo. Hedifoni zilikuwa juu ya kiti, na kuanzia kwenye kiti hadi mlangoni sakafu ilikuwa na maji ya kijani. Mimi mwenyewe niliyakanyaga. Nyayo ziliniwasha siku tatu.

Kila Jumamosi Upendo huenda kule barabara ya Handeni. Husimama mlangoni pa korona na kumwita mumewe, polepole, kama anavyomwita kuja kula. Haitikiwi.

"Nilimkataza asiitike," mzee Fabiani humwambia, macho chini. "Sasa amejifunza."