Wavinya Aingia Kwenye Hati

Kila asubuhi huko Mbooni, Wavinya alikama ng'ombe, akawasha moto na kufagia uwanja. Siku hizi aliufagia mara mbili. Halafu tena. Uwanja ulikuwa safi hata kuku waliona haya kuukanyaga.

Hakuwa na wazimu. Alikuwa na hofu. Mumewe, Gedion, alianguka kutoka kwenye mparachichi akavunjika nyonga. Alipokuwa amelazwa hospitalini, kaka yake Muindi alikuja akapima shamba kwa hatua, kutoka jikoni hadi zizini.

"Unapima nini, shemeji?" Wavinya aliuliza.

"Najiandaa tu. Hati ina jina la Gedion peke yake. Na mbuzi wako wa ntheo, wale wa kuthibitisha ndoa, hawajafika kwenu. Kwa mila yetu Wakamba, wewe bado ni mgeni. Mgeni wa miaka kumi na minne, lakini mgeni."

Gedion hakufa. Alirudi nyumbani kwa magongo. Wavinya alimweleza yote kabla hajaketi.

"Muindi anapenda mzaha," Gedion alisema.

"Mzaha haufiki zizini, Baba Ndinda! Ungekufa, mimi na watoto tungelala wapi?"

Gedion alichukua hati na kalamu. "Basi naandika jina lako hapa chini ya langu."

"Weka kalamu!" Huyo alikuwa Kalunde, jirani yao, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Kalunde huwasaidia watu wa pale katika mambo ya ardhi. "Utaiharibu hati, na jina halitakuwa limeingia."

"Sasa tufanye nini?" Wavinya aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni, tayari kuondoka, ingawa hakujua aende wapi.

"Sheria inamlinda mke hata kama hakuandikwa," Kalunde alisema. "Lakini itabidi abishane kwanza na akina Muindi. Afadhali jina liwepo. Anzeni na upekuzi wa rekodi katika ofisi ya ardhi kule Wote, muone kama shamba lina kizuizi, kama vile mkopo. Kisha mwende nyote wawili mbele ya bodi ya ardhi, mpewe kibali. Halafu mtie sahihi fomu ya kuhamisha umiliki mbele ya wakili, na muipeleke Wote. Mkionyesha cheti cha ndoa, hamtalipa ushuru wa stempu, maana ni mume na mke."

"Cheti hatuna," Gedion alinong'ona.

"Jina linaweza kuingia hata bila cheti. Lakini peleka ntheo, kisha mwende kwa msajili wa ndoa. Ndoa ya kimila pia huandikishwa. Mtapata cheti, na Muindi atapata likizo."

Kalunde aliongeza, "Jambo moja mliamue mapema. Mkiandikwa wamiliki wa pamoja, mmoja akifa, shamba lote ni la aliyebaki. Mkiandikwa kila mtu na fungu lake, fungu la aliyekufa huenda kwa—"

"Pamoja!" Wavinya alisema.

"Sijamaliza."

"Mimi nimemaliza."

Jumamosi, mbuzi watatu walipakiwa kwenye pikapu kwenda Kasikeu, kwa wazazi wa Wavinya. Mmoja alipinga safari kwa miguu yote minne. Mzee Nzomo, baba ya Wavinya, aliwahesabu wale mbuzi.

"Miaka kumi na minne! Nilifikiri mnangoja wazaliwe."

"Nisamehe, baba," Gedion alisema.

Cheti kilipatikana. Mbele ya bodi, mwenyekiti alimuuliza Gedion, "Kuna mtu amekulazimisha?"

"Hapana. Nimechelewa tu."

Kisha wakangoja. Wavinya alipiga simu Wote mara nyingi hata karani akaijua sauti yake. Hatimaye hati mpya ikatoka. Gedion Mbaluka na Wavinya Mbaluka, wamiliki wa pamoja.

Muindi alikuja kuiona, pamoja na mkewe Kavindu. Aliisoma, akaigeuza, akatazama nyuma kana kwamba huenda kuna habari njema zaidi.

"Sawa," alisema. "Ni yenu."

Kavindu aliichukua hati, akaisoma polepole, kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Nthiwa, na ile yetu ina majina mangapi?"

Muindi alikohoa. Kavindu hakumngoja amalize. Alimwuliza Wavinya bodi inakaa lini.